Silabi Nane za Lukresia

Lukresia alikuwa mfagizi wa zahanati mpya ya binafsi pale Bariadi, mwaka ule matajiri walipoanza kununua pamba bila kupitia ushirika. Shule aliimaliza darasa la saba. Udadisi hakuumaliza kamwe. Akiona neno refu kwenye kadi ya mgonjwa, hapati usingizi mpaka alichambue kama pamba.

Wiki hiyo lilimkaba moja: hepatosplenomegali. Alilikata silabi nane kwa mpigo wa ufagio, he-pa-to-sple-no-me-ga-li, akaikazia hiyo “ga” kama Msukuma yeyote, kisha akalipeleka kwa katekista Marcelo, aliyeonja Kigiriki seminarini kabla hajaamua kuoa.

“Hepar ni ini,” Marcelo akasema. “Splen, bandama. Megas, kubwa.”

Lukresia alicheka peke yake njia nzima. Kumbe ndilo hilo tu!

Kesho yake Kwandu, mama wa kijiji cha Sapiwi, alikuwa analia kwenye benchi, amempakata mwanawe Ndaki, tumbo limemjaa. Daktari alikuwa amemtamkia neno lile zima zima, akamwambia asubiri vipimo. Kwa Kwandu, ugonjwa wenye jina refu hivyo hauna dawa.

“Mayu, mama yangu, usilie,” Lukresia akamwambia, kifua mbele. “Ni ini na bandama vimekuwa vikubwa. Basi.”

Kwandu akafuta machozi. “Bandama? Hiyo tunaiweza sisi! Masele, mganga wa chale, yuko pale pale kwetu.” Akamfunga mtoto mgongoni, huyoo, akatoka.

Ufagio ulimdondoka Lukresia. Aliona aibu, kisha hofu. Alimkimbilia hadi barabarani, akamshika mkono, akapandisha blauzi mbele za watu. Chini ya mbavu za kushoto palikuwa na mistari mitatu ya wembe.

“Nilichanjwa bandama nina miaka sita. Wembe ule ule ulimpitia mdogo wangu Nyamizi. Yeye damu haikukata, tukamzika.”

Kwandu akaitazama ile mistari.

“Jina linasema kilichovimba, mayu. Halisemi kilichokivimbisha. Hicho ndicho daktari anakitafuta.”

“Na asipokiona?”

Lukresia alimpokea Ndaki, wakarudi kwenye benchi, na hakufagia tena mpaka majibu ya maabara yalipotoka. Kichocho, na dawa ipo.

Ki-cho-cho: silabi tatu tu. Lukresia alizihesabu huku analia.