Mbaazi Mbichi na Mtani Aliyetangulia

Habari ya msiba ilinikuta pale zinaponikuta habari zote: kibarazani kwangu hapa Nachingwea, mguu mmoja juu ya stuli, redio ikijisemea peke yake. Jirani alisimama njiani akasema, "Mzee, mtani wako amekwenda." Nikamuuliza amekwenda wapi, maana yule bwana hakuacha kwenda; leo yuko Marambo, kesho Likunja, kesho kutwa yuko kwangu anamaliza chai. Jirani akanitazama kwa ile huruma wanayotazamwa nayo watu wa kidato cha nne wanaposhindwa jambo la darasa la kwanza. Presha, akasema. Basi ninyi wasomaji wangu, mnaojua kwamba kwangu mimi kwenda sokoni ni safari ya kuagwa, mjue kwamba nilivaa viatu nikapanda gari hadi kijijini kwao, upande wa Ruangwa. Niliyoyaona kaburini ndiyo yamenikalisha kuandika haya.

Marehemu alikuwa Mmwera na mimi ni Myao, kwa hiyo, kwa desturi ya utani wa makabila, tulikuwa na haki ya kutukanana, na tuliitumia vizuri. Miaka ya tisini, ukimwi ulipokuwa bado unaitwa "ule ugonjwa" na watu wakiutaja wanatazama pembeni, yeye alizunguka magulioni na kipaza sauti cha betri, akifundisha watu kujikinga. Wenzake walifundisha kwa picha za kutisha. Yeye alifundisha kwa utani. Alianza hivi: "Enyi Wayao, kuku wenu mnawafungia jua likizama. Na nyie, nani anawafungia?" Mzee mmoja wa Kiyao, mikono imejaa vumbi la mihogo mikavu, akamjibu, "We Mmwera unajuaje saa tunayofunga, kama si mwizi wa kuku?" Gulio zima likacheka. Na kicheko kikishafungua mdomo, swali nalo hupata pa kutokea. Yule yule mzee ndiye aliyeuliza kondomu inavaliwaje, mbele ya watu, na hakuna aliyemcheka kwa sababu walikuwa wamekwisha kucheka.

Walioshindikana walikuwa wakuja. Nasema wale wanaume walioletwa huku na kazi au biashara: walimu, makarani, wenye maduka ya vipuri, watu wa mikoa ya mbali waliopanga chumba kimoja na kuacha familia huko kwao. Huku walikuwa wachache, na hawakuwa na mtani hata mmoja. Mkutano ukianza, wao walisogea kwenye meza ya dagaa wakajifanya wanachagua, mmoja mmoja, kama wanaposa. Marehemu alikuwa anasema, "Mtu asiye na mtani hana wa kumwambia ukweli bila kugombana." Nami nilimjibu kwamba mimi ninaye mtani na bado sijafaidika.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, kikafunguliwa chumba cha intaneti karibu na stendi, kompyuta tatu zimetenganishwa na khanga. Marehemu akagundua kwamba nyuma ya khanga zile, jioni, wakuja ndio walikuwa wamejaa. Waliokuwa wanasimamia mradi wake wa elimu ya ukimwi wakamwambia jambo ni rahisi: achukue vipeperushi, avipige chapa, avitume kwa barua pepe, kazi imekwisha. Akavituma. Kimya. Kipeperushi sokoni angalau kilifungiwa maandazi. Kwenye kompyuta hata hilo hakikufanya. Akaona bora apeleke utani wenyewe. Akatuma salamu za gulioni, na za kuku zikiwemo, bila hata kunipa mimi nimnyooshee Kiswahili. Kesho yake akapata jibu kutoka kwa mtumishi mmoja: "Ndugu, naomba unitake radhi kwa maandishi ndani ya siku saba, vinginevyo nitaufikisha uongozi wako mbele ya uongozi wangu." Alikuja nalo kibarazani, limechapwa, na uso wake umenywea. "Mtani," akaniuliza, "mbona maneno ni yale yale?" Nikamwambia maneno ni yale yale lakini sura yako imebaki stendi, na pia hawa si watani zako. Akanywa chai yangu yote, akasema, "Basi nitawapa utani."

Ndivyo alivyofanya. Kila aliyejiunga na kundi lake la barua pepe alipewa jina la zao liwe kabila lake, asijulikane ni nani: Korosho, Ufuta, Choroko, Mbaazi. Kisha akatangaza kabila gani ni watani wa kabila gani. Korosho na Choroko watani. Ufuta na Mbaazi watani, na sharti ni moja: mtani wako akikutania huna ruhusa ya kununa. Watu wazima wenye vyeo wakaanza kutukanana kama watoto mtoni. Ufuta kila Jumamosi alimwita mwenzake "mbaazi mbichi", na Mbaazi akamjibu kwamba Ufuta ni mdogo hata kuku anamruka. Katikati ya matusi yale, jioni moja, Mbaazi akaandika kwamba ameumwa mara kwa mara, alikwenda Ruangwa kupima, akatolewa damu, akaambiwa asubiri kidogo, naye akaaga anakwenda kununua maji, akapanda gari akarudi Nachingwea. Majibu bado yako kule na yeye halali. Marehemu hakumhubiria. Aliandika mstari mmoja: "Ufuta, mtani wako anazama, na wewe unaangalia?"

Wakapanga wakutane stendi ya Ruangwa, wayafuate majibu pamoja. Na hapa ndipo lilipofanyika kosa ambalo lingefanyika huku kwetu tu. Ili watambuane, Mbaazi abebe kifuko cha mbaazi na Ufuta abebe kifuko cha ufuta. Wilayani Ruangwa. Msimu wa ufuta. Mbaazi akashuka kwenye gari akakuta stendi nzima imebeba ufuta, hata kondakta ameukalia. Akaanza kuwasogelea watu mmoja mmoja, "Samahani, wewe ni Ufuta?" mpaka mama mmoja akamwambia, "Mwanangu, kapumzike kivulini." Alipogeuka, uso kwa uso na mwalimu mwenzake wa shule moja, anayekaa naye meza moja. Akakisukumia kifuko chake mfukoni mwa suruali. "Umefuata nini huku, mwalimu?" "Nimekuja kununua mbuzi. Na wewe?" "Mbuzi." Uongo ukawashinda kuurudisha, ikabidi waende Nandagala kununua mbuzi kweli. Njiani mbuzi akagoma. Yule mwalimu mwenzake akavuta kamba, jasho linamtoka, akamfokea, "Tembea wewe, mbaazi mbichi."

Mbaazi akasimama. Akatoa kile kifuko mfukoni, akammwagia mbaazi kichwani.

Wakaingia hospitali wote wawili, mbuzi amefungwa kwenye nguzo nje. Mbuzi walimletea marehemu, akamwita Majibu, na kwa miaka yote aliyomfuga hakukubali achinjwe. Wenyewe ndio walioniruhusu niyasimulie haya, ilimradi nisitaje majina.

Mara nyingi tukitaka kuhamisha jambo jema kutoka sehemu moja kwenda nyingine tunabeba karatasi tu, kama anayehama nyumba akabeba funguo akaacha jiko. Siku hizi kila kitu kinakwenda kwenye mashine, na mimi sina ugomvi na mashine, maana inamfuata mtu alipo, jambo ambalo mvivu kama mimi naliheshimu sana. Lakini mtu hakubali kuambiwa jambo zito na karatasi. Hulikubali kwa yule mwenye ruhusa ya kumcheka.

Kaburini, basi, jeneza lilipofika, tukakuta mwanamume mwenye suruali ya kazini amelala ndani ya kaburi na hataki kutoka, kama wafanyavyo watani misibani. Wazee wakashangaa. "Wewe ni kabila gani?" "Mbaazi." "Kabila gani hilo?" Nyuma yangu sauti ikajibu, "Mtani wetu huyo. Mimi ni Ufuta." Walikuja wengi, kumbe, kutoka huko walikohamishiwa, wakuja wasio na ndugu huku, na kila mmoja akadai ni mtani wa marehemu. Shehe akatazama mawingu. Yule wa kaburini akasema kwa sauti, na kila mtu akasikia, "Mimi vidonge vyangu nameza kila jioni, kwa sababu huyu Mmwera alinitukana mpaka nikayafuata majibu. Yeye presha hakupima hata mara moja. Sasa nani mbichi?" Kicheko kikaanza, kikakatika katikati, yeye akatoka, tukapokezana mchanga.

Nilirudi kibarazani, stuli na redio vikanipokea. Nilidhani hayo yote hayanihusu, kwani mimi sitoki na asiyetoka hapatwi. Juzi simu yangu ikapokea ujumbe kutoka namba nisiyoijua: "Myao, marehemu ametuachia wewe. Umepima presha, au tuje tulale kwako pia?"

Nimeusoma, nikanuna kidogo, halafu nikakumbuka kwamba kununa hairuhusiwi. Natafuta kiatu cha pili.