Fomu ya Usingizi

Mtu akija mlangoni kwangu na kunitajia umri wa mwanangu kabla sijamwambia, simkaribishi ndani. Yule dada mtafiti alikuja na mtendaji wa mtaa wetu, huku pembezoni mwa Majengo, ameshika kishikwambi na amevaa koti zito. Alikuwa ameshaambiwa habari za baridi yetu. Akasalimia vizuri tu, akataja na umri wa binti yangu. Akasema wanachunguza usingizi wa watoto: wanalala saa ngapi, wapi, na nani, na wanafanya nini kabla ya kulala.

Nikajiuliza, anayetaka kujua mlango wangu unafungwa saa ngapi ni mtafiti au mwizi? Watu wa mikoa mingine wakisikia natoka Sumbawanga husogeza viti kwa utani, wakidhani sisi ni wachawi wa kuogopwa. Hawajui sisi wenyewe tulivyo waoga. Mtu akiniuliza mwanangu analala wapi, nataka kwanza nijue wake analala wapi.

Nikamwambia arudi kesho, dukani kuna wateja. Hapakuwa na mteja hata mmoja.

Ukweli ni huu. Binti yangu, wa miaka sita, halali ndani ya nyumba yangu. Analala kwenye jiko la bibi yake, yaani mama mkwe wangu, kile chumba cha matofali nyuma ya nyumba, pamoja na binamu zake wawili. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Ufipa inaingia mpaka kwenye mifupa, na moto uko kwa bibi. Anawapa uji wa ulezi, wanatandika magodoro karibu na mafiga, anawasimulia hadithi mpaka wa mwisho aache kuitikia, kisha anafukia makaa kwenye majivu ili asubuhi asihangaike na kiberiti. Mume wangu alilala hivyo. Baba yake naye alilala hivyo, kule Mpui, kabla hawajahamia mjini.

Na binti yangu anakohoa. Kikohozi kikavu, kila asubuhi, mwaka wa pili huu. Zahanati wananipa dawa ya maji. Dawa inaisha, kikohozi kinabaki. Mimi nahisi ni moshi. Siku nilipothubutu kumwambia mama mkwe, aliweka ungo chini.

"Mwanangu, nimelea saba humu humu, na moshi huu huu. Leo ndiyo umegeuka sumu?"

Sijasomea mapafu. Nilichohitaji ni mtu mwenye vipimo, asiye wa ukoo wetu, aje aseme ni moshi au si moshi, mimi nisionekane mkwe mwenye dharau. Nilikuwa nikimwomba Mungu anipatie mtu wa namna hiyo. Kumbe alipoletwa mpaka mlangoni nilimfukuza kwa kisingizio cha wateja.

Jioni ile tulikutana bombani, wanawake wa mtaa. Mmoja wetu, mke wa mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka Mbeya, alisema ameshayaona haya kwao. "Hawa wanatafuta wazazi wazembe. Wakishawapata, majina yanapelekwa." Yanapelekwa wapi, hakusema, na hakuna aliyemuuliza. Tukapanga majibu pale pale, ndoo zikijaa. Mtoto analala saa mbili kamili. Ana kitanda chake na chandarua. Moto? Moto gani tena, tuko mjini. Tulicheka sana.

Kesho yake nikajibu hivyo hivyo bila kupepesa macho. Mama mkwe alikuwa amekaa uani anapeta ulezi, na nilikuwa nimeshamwomba asitie neno. Dada alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, akaendelea kupeta.

Swali la mwisho ndilo lililonipata. "Kwa maoni yako, dada, utafiti wetu utangulize jambo gani kuhusu usingizi wa watoto?"

Neno lilikuwa mdomoni. Lakini mtendaji alikuwa amesimama nyuma yake, na mimi nilikuwa nayaona majina yetu yakipelekwa huko yanakopelekwa. Nikasema, "Simu. Simu zinawaharibu watoto." Akatabasamu, akaandika. Binti yangu hashiki simu ila kumsalimia baba yake, anayefanya kazi Matai.

Miezi michache baadaye tuliitwa shuleni kusikiliza matokeo. Dada alisema watoto wa mtaa wetu wanalala vizuri kuliko walivyotarajia, na karibu wote kwa wakati mmoja, saa mbili kamili. Kwa hiyo watakachotanguliza sasa ni simu na televisheni. Walikuwa na mpango wa kupima moshi kwenye majiko wanamolala watoto, ila kwetu wameuondoa, maana hakuna mzazi hata mmoja aliyesema mwanawe analala jikoni. Wenzangu wa bombani wakapiga makofi. Mimi nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikamfuata kwenye gari. "Dada, mwanangu analala jikoni, kwenye moshi. Anakohoa."

Akafungua kishikwambi, akatafuta majibu yangu. "Hapa ulisema ana kitanda chake, na hakuna moto."

"Nilidanganya."

Akaniangalia. Macho yale niliyajua, ndiyo niliyomtolea mimi mlangoni kwangu: huyu anataka nini? "Watu wengi hubadilisha majibu wakidhani kuna msaada unakuja," alisema kwa upole.

"Basi njoo uone. Ni hapo tu, hata dakika kumi hazifiki."

Alisema orodha ya mitaa ya kupima imeshafungwa, hana ruhusa ya kuifungua. Akanipa pole. Nilibaki nimeshika mlango wa gari mpaka dereva akaniomba niuachie.

Jioni, kama kawaida, binti yangu alibeba blanketi lake kuelekea kwa bibi. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, moshi unatoka juu ya kichwa chake.

"Enhe, wataalamu wamesemaje kuhusu ule moshi wako?"

"Hawajasema kitu, mama."

"Si unaona," alisema, wala hakuwa na hasira. Akamshika mjukuu wake mkono, wakaingia. Nilikuwa bado uani binti yangu alipoanza kukohoa.