Hooyo na Nzi wa Manyoya

Binti yangu akianza kupaka kucha zake rangi sebuleni, mimi hutoka nje kidogo. Yeye hudhani naichukia ile harufu. Siichukii hata chembe. Ni kwamba harufu ile kali, inayopanda puani kama petroli iliyotiwa sukari, hunichukua moja kwa moja hadi Garissa, kwenye baraza la nyumba yetu ya mtaa wa Waberi, ambako mwanamume mwenye ndevu na mabega mapana ameinama juu ya ndoana ndogo kama punje ya mchele, anaipaka rangi nyekundu ya kucha, na ulimi wake umechungulia pembeni mwa mdomo kama wa mtoto anayejifunza kuandika.

Huyo alikuwa Abti Dekow, kaka yake mama. Kwetu sisi Wasomali mjomba huitwa abti, naye humwita mpwa wake abti vilevile, basi siku nzima nyumbani ilikuwa abti huku, abti kule, mgeni hajui nani anamwita nani. Alikuwa ametokea milimani, upande wa Mlima Kenya, ambako alifanya kazi ya ulinzi kwa miaka mingi kwenye kambi ya wavuvi ndani ya msitu. Huko maji ni baridi kama barafu, alisema, na samaki wake ni wajanja, hawali minyoo ovyo. Mzee mmoja aliyezoea kwenda kuvua pale alimfundisha kuvua kwa nzi, na alipochoka magoti akamwachia fimbo yake ya kuvulia. Abti alirudi Garissa na mkoba mmoja wa nguo na hiyo fimbo, nyembamba, ndefu, inayotikisika hata ukiipumulia.

Nzi wenyewe hawakuwa nzi wa kweli. Aliwatengeneza kwa manyoya ya jogoo na nyuzi alizochomoa kwenye sweta kuukuu, akazizungusha kwenye ndoana, akafunga, kisha akapaka rangi ya kucha ili fundo lisifunguke majini. Siku alipokwenda kununua ile rangi sokoni nilikuwa naye. Wanawake wauzaji walimtazama kuanzia viatu hadi ndevu. Mmoja akamuuliza ni ya mke gani, maana walijua hana. Abti akajibu, bila kutabasamu, kwamba ni ya samaki. Walicheka mpaka mmoja akashikilia nguzo ya kibanda.

Mama yangu, Hooyo, hakucheka. Yeye alizaliwa Bute, kaskazini kabisa ya Wajir, akakulia nyuma ya ngamia, na kwa watu wake samaki alikuwa kitu cha mtu aliyekosa mifugo. Kaka yake kuonekana mtoni na fimbo ilikuwa aibu ya kutosha. Mbaya zaidi, mimi pia nilikuwa nikivua.

Nilifundishwa na Maryam, rafiki yangu wa darasani, Mpokomo ambaye wazazi wake walilima migomba kando ya Tana. Uvuvi wetu haukuwa na mapambo. Mshipi tuliukunja kwenye kopo la maziwa, uzito ukawa plagi kuukuu ya gari iliyookotwa gereji, na chambo ni mnyoo mnene kutoka kwenye matope ya migomba. Ulizungusha plagi juu ya kichwa, ukaachilia, ikaanguka majini chubwi! Kisha ukakaa mbali na ukingo kwa sababu ya mamba, mshipi umezungushwa kwenye kidole, ukasubiri. Jamani, raha ya kusubiri kule! Unakula embe bichi kwa chumvi, unasengenya walimu, halafu ghafla kidole kinavutwa na mtu usiyemwona. Kambare akishika ameshika, havuti kwa adabu. Mlivuta mkipiga kelele, na alipotoka amejaa matope na masharubu yake, mlijiona wanawake wakubwa.

Hooyo alimlalamikia mama yake Maryam kwa Kiswahili chake cha sokoni, akimwita walaal, yaani ndugu. "Walaal, hawa watoto wetu kila siku wanafua samaki!"

Mama Maryam akamwuliza, "Na sabuni wanatoa wapi, dada?" Walicheka, lakini Hooyo alirudi nyumbani akanikataza. Nikakatazika siku chache tu.

Abti naye alijaribu nzi wake mtoni. Tuliketi na Maryam tukimtazama akirusha mshipi nyuma na mbele hewani, mara nyingi, bila kuuacha uguse maji, kama mtu anayefukuza nyuki. Maji ya Tana yalikuwa mekundu, samaki hata angetaka asingemwona nzi. Hakupata kitu. Sisi tulibeba kambare watatu mbele yake, na Maryam kwa huruma akamwambia, "Mjomba, ukitaka tutakupa minyoo." Akashukuru kwa heshima zote. Hakuchukua.

Kisha zikaja mvua za El Nino. Nyinyi mliokuwepo mnakumbuka. Sisi watu wa jua tulishangilia siku za kwanza, tukatoka na masufuria. Baadaye hakuna aliyeshangilia. Tana ilipanda ikameza migomba ya kina Maryam, nao wakahamia kwa ndugu zao karibu nasi. Barabara ya Nairobi ikakatika. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la mifugo. Maji yalimkuta upande wa Mwingi na huko akabaki. Unga ukaadimika madukani, na sukari ikauzwa kama dawa.

Halafu ukaja ugonjwa. Hooyo alikuwa na mbuzi wake mwenyewe, waliochungwa nje ya mji na binamu yake. Hawakuwa wa baba. Alianza na majike wachache aliopewa alipoolewa, akawazidisha kwa miaka yote ya ndoa, na kila mmoja alikuwa na jina. Jioni moja binamu alifika ameloa hadi kiunoni. Majike walikuwa wametupa mimba wote, kisha watoto wakafa, kisha majike wenyewe. Watu wa idara ya mifugo walipita na vipaza sauti wakitangaza tusichinje, tusile nyama, tusinywe maziwa yasiyochemshwa, kwa sababu homa ile ilikuwa inaua hata watu. Na kweli iliwaua. Tulisikia vilio kutoka mtaa wa pili.

Hooyo hakulia. Alisema innalillahi, akaenda kuketi kwenye mkeka chumbani. Na pale akakaa. Alisali, alitupikia, alitufulia, lakini akimaliza alirudi kwenye mkeka, uso umeelekea ukutani. Ukimwita alijibu baada ya muda, kana kwamba sauti yako imesafiri. Chakula alikigusa kwa vidole akakisukuma kwetu.

Nyumba bila nyama na bila maziwa, barabara imekatika, mnajua tu nini kitafuata. Samaki wangu wakawa kitoweo. Hakuna aliyenikataza tena. Mafuriko yalipoanza kupungua yaliacha mabwawa kwenye tambarare, na mimi na Maryam tulivua kwa plagi zetu kama waajiriwa, tukarudi na kambare na perege. Hooyo aliwakaanga ameziba pua kwa ncha ya shuka lake. Sisi tulikula. Yeye alikunywa chai ya rangi.

Nje ya mji kulikuwa na bwawa moja ambalo maji yake yalituama, matope yakazama chini, yakabaki safi hata uliweza kuona majani yaliyozama. Mzee wa kina Maryam alikuwa amelizunguka siku kadhaa akathibitisha halina mamba. Huko ndiko Abti Dekow alikohamishia nzi wake. Na huko, kwa mara ya kwanza, samaki waliwainukia.

Maneno yakaanza msikitini. Watu wanazika, mifugo imekwisha, na Dekow anacheza na manyoya. Yalipomfikia Hooyo, alitoka kwenye ule mkeka. Alasiri moja tulimwona anakuja kwenye nyika yenye matope, garbasaar yake, yaani shuka la mabegani, inapepea, viatu mkononi. Maryam alinong'ona, "Leo mjomba amekwisha."

"Dekow!" Hooyo aliita kabla hajafika. "Huna haya wewe? Watu wananiuliza kama kaka yangu ana akili!"

Abti hakugeuka haraka. Alipogeuka alisema, "Nimechomwa na mwiba. Nishikie hii, walaal, niutoe."

Mpaka leo sijui kama kulikuwa na mwiba. Alimpa fimbo, akaketi chini, akaanza kuhangaika na kisigino chake. Hooyo alisimama akiwa ameishika kama mtu aliyepewa mtoto mchafu wa jirani. Mshipi ulikuwa umelala majini mbele yake. Akautikisa kidogo kuutoa kwenye jani. Fimbo ikapinda, ikajibu. Akautikisa tena. Kisha akapeleka mkono nyuma, akaukaza begani, akasubiri kidogo, akauachilia mbele. Mshipi ukafunguka hewani, mrefu, ukanyooka wote, na nzi mwekundu akatua juu ya maji bila hata kuyakunja.

Abti alikuwa ameusahau mwiba wake.

"Nani amekufundisha, Hooyo?" nikauliza.

"Hakuna wa kunifundisha," akasema, macho yake yako kwenye nzi. "Ngamia anayekimbia mbele humpigi. Unapeleka ncha ya kiboko hewani kando ya sikio lake, anasikia, anageuka. Ukiharakisha mkono, ncha inakurudia usoni." Kisha akarusha tena, na tena, mpaka adhana ya magharibi ikasikika kutoka mjini.

Kesho yake alisema anakwenda kuhakikisha Abti hafanyi upuuzi. Kesho kutwa hakutoa sababu.

Nami nilikasirika, nawaambia ukweli. Nilikuwa mvuvi wa nyumba, mwenye jina, halafu mama yangu anasimama hatua chache kutoka kwangu na manyoya ya jogoo, anarusha alasiri nzima, harudi na kitu. Samaki waliinuka wakamnusa nzi wake, wakageuka. Kila mmoja alipogeuka, Hooyo alivuta mshipi, akamtazama nzi, akabadilisha: wa kahawia, mweusi, yule mwenye kichwa chekundu. Alisogea huku na huku. Aliinama kuona kivuli cha jua kiko wapi. Alimwuliza Abti maswali ambayo hakuwahi kumwuliza mtu wiki nzima.

Siku moja nikashindwa. Nikampelekea mnyoo wangu bora, mnene, anayejikunja kiganjani. "Hooyo, weka huyu. Utapata sasa hivi. Unatupa, unakaa, unasubiri tu."

Alimtazama mnyoo, akanitazama mimi. "Ndiyo, hooyo," akasema polepole, maana kwetu mama naye humwita mwanawe hooyo. "Mshipi wako ukishautupa, unakaa. Mimi nikikaa, naanza kuwaita."

"Kuwaita nani?"

"Nenda kavue," akasema.

Nilikwenda. Nilimwambia Maryam kwamba mama anaita samaki kwa majina, ndiyo maana hawaji. Tulicheka sana.

Samaki alikuja alasiri moja ya upepo. Hooyo alikuwa amemweka nzi mdogo mweusi chini ya kichaka kilichozama, mahali ambapo plagi zetu zingekwama, akamvuta kwa vipande vidogo vidogo kama mdudu aliyechoka. Maji yakavimba. Mshipi ukakimbia. Fimbo ikapinda mpaka nikadhani imevunjika, na mama yangu, mwanamke aliyekuwa akizungumza kwa kunong'ona tangu mbuzi wafe, akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwake, wa juu, wa koo, unaopanda na kushuka, ule ambao wachungaji humwitia ngamia aliye mbali. Viatu vilimtoka. Garbasaar ikaanguka matopeni. Abti alikuwa akipiga kelele, "Mwachie! Mwachie akimbie! Sasa mvute!" naye anamjibu, "Nyamaza, namjua huyu!"

Alimtoa mwenyewe. Perege mwenye ubavu wa fedha, si mkubwa. Mimi nilikuwa nimewahi kutoa wakubwa zaidi ya yule bila hata kusimama. Alimshika kwa mikono miwili, anatweta, uso umejaa matone ya maji. Nilingoja anikabidhi, kama wengine wote, nimtie kwenye kamba yangu. Hakunipa. Alimbeba mwenyewe hadi nyumbani, akampara mwenyewe, akamkaanga bila kuziba pua. Kisha akaketi kando ya jiko akamla, peke yake, kwa vidole, akitema miiba kwenye majivu, nasi tumejipanga mlangoni tukimtazama kama sinema.

"Ana ladha ya tope," akasema alipomaliza. Akalamba kidole. "Kuna anjera iliyobaki?" akauliza, yaani ile mikate yetu myembamba ya maji.

Barabara ilipofunguliwa baba alirudi, amekonda, akanusa ukuta wa jiko na kuuliza nani amehamia hapa. Bwawa likakauka polepole mpaka likawa ardhi iliyopasuka. Abti alipata kazi nyingine milimani, akaondoka na fimbo yake. Hooyo akanunua jike mmoja, kisha mwingine, akawapa majina. Hakuvua tena maishani mwake wala hakula samaki, na watu wazima waliokumbuka kisa kile aliwaambia ni uongo wa watoto.

Mimi niliendelea kuamini kwamba alishindwa uvuvi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: minyoo yangu ililisha nyumba kwa wiki nyingi, manyoya yake yalileta perege mmoja. Niliifunga hesabu hiyo utotoni sikuifungua tena, hadi mwaka niliomzika mume wangu. Watu walinihurumia kwa kunikalisha. Kaa, mama, pumzika, usiguse kitu. Na kila nilipokaa nilijikuta naliita jina lake, kimoyomoyo, tena na tena, uso umeelekea ukutani. Ndipo nilipoyasikia upya yale maneno ya Hooyo bwawani, kwamba akikaa huanza kuwaita.

Hooyo alikuja kukaa nami Nairobi wakati wa eda. Alikuwa amezeeka, mkono mmoja hauinuki vizuri. Nikamwuliza, "Hooyo, yule samaki wa mwaka wa mafuriko, alikupa furaha kweli? Mmoja tu?"

Nilidhani atakana, kama alivyokana kwa wengine.

"Samaki simkumbuki sana," akasema. "Nakumbuka tulipokuwa tunarudi nyumbani, nimembeba, nikasikia kitu tumboni. Nikasimama njiani nikijiuliza ni nini hiki." Akautandaza mkono wake mzima juu ya tumbo lake, kana kwamba kilikuwa bado kipo. "Ilikuwa njaa."