Udongo wa Stella

Mektrida wa Old Moshi alikuwa mtu wa kutegemewa katika mambo ya uzazi. Mkamwana wake Stella alipojifungua, yeye ndiye aliyemhudumia: mtori wa ndizi asubuhi, maziwa ya moto jioni, na mzazi haruhusiwi kugusa jembe wala ndoo. Ila mtoto, Kindness, alikuwa na uvimbe ubavuni kushoto. Wakampeleka hospitali mjini, akapigwa picha, wakaambiwa figo ya kushoto haifanyi kazi, imejaa vifuko vya maji. Warudi baada ya mwezi kumwona daktari wa figo.

Jioni ile, akitafuta nepi kwenye mkoba wa Stella, Mektrida akakuta udongo wa kula, ule wanaouziwa wajawazito sokoni.

"Kumbe ni hii!" akasema. "Umemjaza mtoto tope. Figo zitapitisha nini?"

Stella aliichukua nepi mwenyewe, akamvalisha mtoto. Maneno yale hayakuishia chumbani. Jumamosi, kwenye sala ya jumuiya, Mektrida aliwasimulia akina mama wote. Ilipofika Jumatatu hata mkusanya maziwa alikuwa anajua. Stella akafunga nguo zake, akambeba mtoto, akaenda kwa mama yake Bomang'ombe. Mumewe, Fabian, hakujua amtetee nani.

Siku ya kliniki Mektrida naye alikwenda. Alitaka Stella aambiwe na daktari mwenyewe.

Daktari Tabitha alimsikiliza Mektrida na habari zake za udongo mpaka mwisho, kisha akavuta karatasi na kuanza kuchora.

"Bibi, figo hujengwa na pande mbili. Huku chini huchipua mrija, ukapanda ukijigawa matawi mengi. Hayo ndiyo yatakayokusanya mkojo. Kwenye kila ncha ya tawi, chembe nyingine hujikusanya kuwa kifundo. Kifundo kinapata uwazi ndani, kinarefuka, kinajikunja, kinakuwa mrija mdogo wa kuchujia. Halafu mrija huo sharti uungane na tawi. Ukiungana, mkojo umepata njia."

"Na huyu wetu?"

"Upande wa kushoto mirija haikujengeka wala kuungana inavyotakiwa, ndiyo vikatokea vifuko. Mara nyingi hatujui sababu. Ila huanza mapema, miezi ya mwanzo ya mimba." Akamgeukia Stella. "Udongo ulianza kula lini?"

"Mimba ilipofika mwezi wa saba."

Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Udongo si mzuri kwa mjamzito, usile tena," alisema daktari. "Lakini hili halikuletwa na udongo. Figo ya kulia ni nzima, na moja inatosha."

Mektrida aliinamia karatasi kama anayesoma, kumbe haoni kitu. Masikio yalimwaka moto. Alikumbuka mimba ya Fabian, alivyokuwa akibandua udongo wa ukuta wa jiko na kula kwa kujificha. Mama mkwe wake alimkuta siku moja, akacheka tu, wala hakumwambia mtu.

Kwenye korido alimfuata Stella. "Mwanangu, nisamehe."

"Ulinisema mbele ya watu, mama," Stella alijibu taratibu, akamfunika mtoto vizuri.

Jumamosi iliyofuata Mektrida alisimama kwenye jumuiya. Maneno aliyoyapanga njiani yote yalimkimbia.

"Nilimsingizia Stella," akasema. "Na mimi mwenyewe nilikula udongo nikiwa na mimba ya Fabian."

Mtu akakohoa. Jirani yake Eliaichi akanong'ona, "Lakini udongo nao, mama Fabian..."

"Hapana, Eliaichi. Hapana." Akakaa, macho kwenye kanga yake mpaka sala ya mwisho.

Stella alirudi baada ya miezi miwili. Alirudi kwa ajili ya Fabian, na Mektrida hajidanganyi juu ya hilo. Kindness sasa anatembea. Picha ya mwisho ilionyesha figo ya kulia imekua kubwa, inafanya kazi ya mbili, na ile ya kushoto inasinyaa yenyewe. Kila asubuhi Stella humwamkia shikamoo, kwa heshima zote, lakini hamwachii mtoto. Akienda kukata majani ya ng'ombe anambeba mgongoni. Mektrida hajawahi kuuliza kwa nini. Siku hizi huamka mapema, akayakata yeye yale majani, akayalaza mlangoni pa zizi, akaondoka kabla Stella hajafungua mlango.