Milango Miwili ya Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na alikubali kuhamia huku kwa sharti moja: paka wake wawili waje naye. Baba, ambaye ni mdogo wake wa pekee, alidhani anatania. Akamwambia kwenye simu, "Dada, huku paka wamejaa tele. Utapata mwingine."

"Na wadogo wa kiume pia wamejaa tele huku," Shangazi akamjibu. "Nitafute mwingine?"

Baba akaanza kuuliza habari za chanjo na visanduku vya kusafirishia wanyama. Hakuwa na njia nyingine. Nyumba aliyopanga Shangazi miaka yote warithi wa mwenye nyumba walikuwa wameiuza, mumewe alishafariki, na watoto hakujaaliwa. Alikuwa na cherehani, mkasi, na wale paka.

Jike lilikuwa la rangi ya machungwa, na miguu yake yote ilimalizikia na weupe mwembamba kama upindo wa kanzu, ndiyo maana akaitwa Pindo. Dume lilikuwa jeusi juu, jeupe tumboni, kama koti lililofunguliwa. Huyo akaitwa Bitana, maana fundi ndiye anayejua kitambaa cha ndani kinaitwaje.

Mimi napenda kuuliza. Mama husema nikinyamaza hata kidogo nipimwe homa. Basi walipofika tu nikamuuliza Shangazi paka hao walikuwa wanalala wapi kule.

"Wanapotaka."

"Wanakula saa ngapi?"

"Wanapotaka."

"Na wewe ulikuwa unajuaje kama wako salama?"

Akanitazama juu ya miwani. "Nilikuwa sijui. Ndiyo raha yenyewe hiyo, mwanangu. Asubuhi unafungua mlango wanatoka, jioni wanarudi na mavumbi yao. Unawapangusa, mnakula."

Huku tunakaa ghorofa ya tano. Chini yetu ni barabara ya magari mazito yanayopeleka bidhaa sokoni, na ng'ambo yake kuna maegesho ya chini ya ardhi ambayo mlango wake hufunguka na kujifunga wenyewe. Siku ya kwanza Pindo alipanda kwenye kizingiti cha dirisha, akamwona njiwa upande wa pili wa kioo, akajikunja tayari kuruka. Dirisha lilikuwa limefungwa. Lakini Shangazi aliona anachokiwaza yule paka, na akakaa chini akiwa ameshika kifua.

"Huyu hajui kama hakuna ardhi," alisema. "Anafikiri duniani kote chini kuna udongo."

Tangu siku hiyo kazi yake ikawa moja, na kushona kukawa kazi ya pembeni. Alichukua suruali za watu kutoka duka la dobi lililo pembeni mwa mtaa, anapunguza urefu, anabadilisha zipu, na katikati ya suruali na suruali anawatengenezea paka wake mji wa kuishi. Alianza na roshani. Alinunua wavu wa kuzuia njiwa, akaushona kwa mkono kuzunguka ukingo wote, kwa uzi ule mnene wa kushonea mabegi, na kila kona akarudia mara mbili. Aliposhona akavuta kwa uzito wake wote, mwanamke mzima ananing'inia kwenye wavu huku Mama akimshika kiuno.

"Wifi, ukianguka nitawaambia watu nini?"

"Waambie nilikuwa napima mshono."

Msimamizi wa jengo akapanda siku ya pili yake. Mimi na Mama tunamwita Bwana Marufuku, kwa sababu kila ukuta wa ngazi ameubandika karatasi inayokataza kitu. Akasema ni marufuku kutoboa ukuta wa nje. Shangazi, ambaye lugha ya huku anaielewa kwa macho zaidi kuliko kwa masikio, akaniambia nimuulize kama kuna tundu lolote ameliona. Bwana Marufuku akapitisha kidole ukingo wote, akatafuta. Hakukuwa na tundu. Wavu wote ulikuwa umeshonewa kwenye fremu ya mabomba iliyobanwa kati ya sakafu na dari, haujagusa ukuta hata kwa msumari. Akaondoka bila kusema kwaheri, na Shangazi akarudi kwenye zipu yake akiimba kwa pua.

Halafu zikaja kamba za kutembezea. Alikata mikanda ya begi lake alilosafiria, akaitia flaneli kwa ndani isimkwaruze mtu kwapani. Nasema mtu kwa sababu yeye ndivyo alivyosema. Bitana alipovishwa akalala kifudifudi, akagoma, tukamburuta sebuleni kama kitambaa cha kudekia. Pindo akatembea kinyumenyume hatua chache tu, akautoka mkanda, akaketi kujilamba. Shangazi akaufumua, akaushona upya. Pindo akautoka tena. Baba akasema huyo paka angekuwa binadamu angekuwa wakili. Kwa hiyo kutoka nje kukaahirishwa mpaka mkanda upatikane, na ulinzi wote ukawekwa mlangoni.

Nyumba yetu ina milango miwili: ule wa kwenye ngazi, halafu ujia mfupi wa kuvulia viatu, halafu mlango wa sebule. Sheria ya Shangazi ilikuwa kwamba hufungui wa pili mpaka wa kwanza umefungwa. Hakujali umebeba nini. Siku moja Baba alirudi na mfuko wa viazi umechanika chini, akabaki kwenye ujia akiwa ameukumbatia, Shangazi anamwuliza kutoka ndani, "Umefunga?"

"Nimefunga, dada."

"Sijasikia kitasa."

"Viazi vinanidondoka."

"Viazi havikimbii barabarani."

Mama alichoka. Akamwambia, kwa utani ule wa mawifi ambao ndani yake kuna sindano, "Wifi, hii ni nyumba au ni jela?"

"Jela ina wageni wengi kuliko hapa," Shangazi akasema, wala hakuinua macho.

Na hilo ndilo lililokuwa likimla. Miezi ilikuwa imepita na hakuna aliyekuja kumwona. Huku watu hawaji. Wakija, wanabonyeza kengele, nayo kengele yetu ina sauti ya ugomvi. Shangazi akiisikia anafungua kidogo, anatoa mkono, anapokea kifurushi cha nyuzi, anafunga. Kule kwao kumsemesha mtu kupitia upenyo wa mlango ni kumfukuza. Hapa alijifunza, kwa ajili ya paka.

Kijana aliyekuwa akileta vifurushi alikuwa mgeni katika mji kama sisi, ila hatukulijua hilo. Yeye ndiye aliyetujua. Alikuwa amemsikia Shangazi nyuma ya mlango akimkaripia Bitana kwa Kiswahili, akaona amfurahishe. Basi alasiri moja, mimi niko mezani na hesabu zangu, Mama jikoni, kengele haikulia. Ilisikika sauti ya mtu.

"Hodi. Hodi wenyewe."

Shangazi aliacha mguu juu ya kanyagio la cherehani. Uso wake sijawahi kuuona vile. Aliinuka na suruali ya mtu ikiwa bado imeng'ang'ania uzi, akafungua mlango wa sebule, akaufungua na ule wa ngazi, wazi kabisa mpaka ukagonga ukuta.

"Karibu. Karibu ndani, karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pita. Pita ukae."

"Nimeleta kifurushi tu, mama, niko kazini."

"Kazi haikimbii. Unywe maji walau."

Akamshika mkono akamvuta. Mama akatoka jikoni anajifuta mikono, nami nikaacha hesabu nikaenda kumwona mgeni. Sote tulikuwa tunamtazama usoni kijana yule, anatokea wapi, wazazi wake wazima, amefika lini. Hakuna aliyetazama chini.

Maji alikuwa ameyafikisha nusu Mama alipouliza, "Huyu Bitana anaangalia nini pale?" Bitana alikuwa ameketi kwenye ujia, mkia umezunguka miguu, anautazama mlango wa ngazi. Pindo hakuwa roshani. Hakuwa chini ya kitanda, wala ndani ya kikapu cha vitambaa.

Kijana ndiye aliyeelewa kwanza, akaweka glasi sakafuni. "Mlango wa chini nimeuzuia na mkokoteni wangu," alisema. "Usijifunge."

Alishuka ngazi mbio. Shangazi akamfuata na kandambili, nami nyuma yake. Yeye ambaye hakuwahi kuvuka barabara ile bila kushikwa mkono, aliivuka peke yake, magari yakipiga honi, anaita, "Pindo, njoo mwanangu. Mwanangu, njoo." Watu wakaanza kusimama. Mwanamke mmoja mwenye mkoba alimkamata bega, akaniuliza kwa lugha yao mtoto amevaa nguo ya rangi gani, na tayari alikuwa ametoa simu apige. Nikamwambia ni paka. Alirudisha simu mkobani, akapangusa ule mkono aliomshikia Shangazi, akaenda zake.

Tulitafuta nyuma ya mapipa, chini ya magari, ndani ya maegesho. Kijana aliacha vifurushi vyake bila mlinzi, akapiga magoti kwenye mafuta ya gari mpaka suruali ya kazi ikaharibika. Pindo hatukumwona.

Asubuhi yake mfagiaji wa barabara alikuwa ameusimamisha ufagio ukutani karibu na mlango wetu wa chini, anamsubiri mtu yeyote atoke. Mkononi alikuwa na mkanda wa flaneli. Shangazi alikuwa amemwachia Pindo auvae mle ndani ili auzoee, na safari hii ulikuwa umemkaa sawasawa, hakuutoka. Mfagiaji akaeleza kwamba alimkuta amegongwa, kando ya njia panda.

"Muulize yuko wapi," Shangazi akaniambia.

Nikauliza. Nikamwambia Shangazi amechukuliwa na gari la asubuhi.

"Gari gani?"

Sikujua kulisema vizuri. "La taka, Shangazi."

Alichukua mkanda, akamshukuru yule mzee kwa neno moja la lugha ya huku analoliweza, akapanda ghorofa zote tano bila kushika ukuta.

Baba alijaribu. Alisema, "Dada, pole. Lakini ni paka," na Mama, Mama yule yule wa jela, akamwambia anyamaze au akale nje. Shangazi hakukasirika. Alisubiri Baba amalize chakula, ndipo akasema, "Nikatie tiketi. Nichukue huyu aliyebaki nirudi."

"Urudi kwa nani?"

Baba hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka anwani aiandike. Shangazi alifungua mdomo. Tulikaa tunasubiri jina, wote watatu, na hakuna jina lililotoka. Baadaye aliondoa sahani mezani, akaiwasha taa ya cherehani.

Yule kijana hakubisha hodi tena. Siku hizi vifurushi vya nyuzi tunavikuta juu ya mkeka wa mlangoni. Nikikutana naye ngazini ananiuliza habari za Shangazi, "Mama hajambo?" nami nasema hajambo, naye anashuka haraka.

Bitana alilia mlangoni kwa wiki nyingi. Halafu akaacha. Hapandi tena kizingitini, hata njiwa akitua. Amenenepa, analala karibu na bomba la joto, anaamka kula. Bwana Marufuku alipokuja kukagua mabomba alimsifu, akasema huyu sasa ni paka wa mjini. Mama naye alipomaliza kufagia sebule akasema, kwa upole ambao hakuwa nao mwanzoni, "Si unaona, wifi, amezoea."

"Hajazoea," Shangazi akasema. "Amechoka kuomba."

Akavuta suruali nyingine kutoka kwenye rundo la dobi, akaigeuza ndani nje, akaanza kufumua.