Misumari Niliyomshikia Mume Wangu

Nyundo yenyewe inaning'inia nyuma ya mlango wa jiko letu hapa Bombambili, kwenye kamba ya katani. Ukiiona mara ya kwanza utadhani ni shoka lililokosewa. Upande mmoja ni kichwa cha nyundo, upande wa pili ni kijishoka cha kuchongea mbao. Kwenye kijishoka pamekatwa pengo la kung'olea misumari, na mpini una alama za inchi zilizochomwa kwa chuma cha moto. Juu ya kichwa cha nyundo kuna mfereji mdogo, na ndani ya mfereji kuna sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu. Unalaza msumari pale, sumaku inaukamata, unarusha mkono mara moja, na msumari unajichoma kwenye mbao bila kushikwa na mtu. Niliichukia nyundo hiyo tangu siku ilipoingia ndani, na sababu ninayo.

Mume wangu ni fundi wa kupaua. Nyumba ikifika kwenye lenta wanamwita yeye, anafunga kenchi za kubeba paa, anapigilia papi, zile mbao za kushikia bati, anaezeka bati, anaondoka. Miaka mitatu iliyopita alikuwa anarudi kutoka Mpitimbi kwa bodaboda, barabara tope tupu, pikipiki ikaanguka na kumlalia mkono wa kushoto. Hospitali walimtengeneza wakamaliza. Kwa kuutazama, mkono ni mzima kabisa. Ila vidole havikunjiki. Kikombe cha chai hawezi kukishika, sembuse msumari.

Sasa niambie, fundi wa kupaua asiyeweza kushika msumari ni fundi wa nini? Mkono wa kulia unapiga, sawa, lakini unapiga nini? Akatafuta kibarua wa kumshikia. Wa kwanza alifanya nusu siku, akasema, "Fundi, samahani, mimi naomba nibebe mbao tu." Wa pili alikuwa anafumba macho kila nyundo inapopanda, na msumari unadondoka chini. Wala siwalaumu. Nani anataka kuweka vidole vyake chini ya nyundo ya mtu mwingine, tena juu ya ukuta?

Basi akakaa nyumbani. Mimi wakati huo nilikuwa nauza maandazi pale wanapoegesha bodaboda, na yeye akawa anakuja kukaa kwenye benchi langu asubuhi hadi mchana, anakosoa mapaa ya watu. Ile kenchi imelegea. Lile bati limepigwa na mlevi. Wateja walimcheka, naye alicheka nao, lakini nilijua alivyokuwa ndani. Usiku alikuwa halali vizuri. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Siku moja nikamwambia, "Baba watoto, kama huna kazi, kanda unga."

"Kazi ninayo," akasema. "Sina wa kunishikia."

"Nitakushikia mimi."

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaniangalia, akaona sicheki.

Jumatatu yake nilivaa suruali yake ndani ya kitenge, nikapanda ngazi. Mama mkwe alipopata habari alifunga safari kutoka Mpitimbi kuja kuniuliza. "Mwanangu, mwanamke unapanda juu ya nyumba za watu, watu walio chini wanaona nini?" Nikamjibu, "Shikamoo mama. Wanaona suruali ya mwanao." Akasonya, kisha akacheka, akala maandazi matatu akarudi kwake.

Kazi tuliigawa hivi. Mimi nalaza papi mahali pake, nasimamisha msumari kwa vidole viwili, natulia. Yeye anasema "haya," anapiga moja ya kuuzindua. Anapiga ya pili ya kuushikisha. Halafu anasema "toa," mimi natoa mkono, ndipo anapiga kwa nguvu zake zote. Haya, moja, mbili, toa. Siku nzima. Kabla hajasema toa, hutoi, hata kama unaona nyundo inakuja vibaya, kwa sababu ukitoa mapema msumari unalala na yeye anapoteza mizani. Kule juu ukipoteza mizani huna cha kujishikia ila mkono, na mkono wake mmoja una nyundo, mwingine haukunjiki.

Wiki mbili za kwanza alinipiga mara mbili. Mara ya pili ilikuwa dole gumba, na kucha ikageuka nyeusi ikang'oka. Yesu na Maria, yale maumivu! Sikupiga kelele kwa sababu vibarua walikuwa chini wanatazama, wanasubiri nipige kelele. Mume wangu alishuka, akakaa juu ya tofali, akasema basi, tunaacha. Nikamwambia apande. Nikafunga kidole kwa kitambaa, nikamshikia kwa mkono wa kushoto. Hakunipiga tena baada ya siku ile.

Tulienda hivyo misimu miwili ya ujenzi. Tulipaua Bombambili, tulipaua vijijini, tulifika hadi Lusewa tukalala kule wiki nzima. Na mimi nilipenda. Nataka niliseme hili wazi, maana watu wanadhani nilikuwa najitesa kwa ajili ya ndoa. Mwanzoni ndiyo. Baadaye nilipenda. Kwenye maandazi kila mtu ananituma: mama ongeza chai, mama hili limeungua, mama chenji. Juu ya kenchi kuna upepo, kuna harufu ya mbao mbichi, na kuna mtu mmoja asiyeweza kupiga hata msumari mmoja bila mimi. Nilipenda kuhitajiwa hivyo. Nilijua sasa kenchi inakaaje, nilikuwa naona papi iliyopinda kabla yeye hajaiona. Watoto wa mtaa walianza kuniita fundi. Kitu kimoja tu sikuwahi kukifanya. Misimu miwili, maelfu ya misumari, sikuwahi kupiga hata mmoja. Nyundo ilikuwa yake. Nilikuwa nasubiri siku atakayosema, hebu jaribu na wewe. Hakusema, na mimi sikuomba, kwa kiburi.

Halafu akaja na ile nyundo.

Kumbe alikuwa anaenda kwa fundi wa kuchomelea bila kuniambia. Aliichora kwa chaki sakafuni mwa yule fundi, wakatafuta kipande cha springi ya lori, wakakosea mara mbili, ya tatu ikakubali. Akaingia nayo nyumbani jioni, anacheka peke yake. Akachukua kipande cha ubao, akakiegemeza ukutani, akalaza msumari kwenye mfereji, akarusha mkono. Ta! Msumari ukasimama. Akaugeuzia nyundo akauzamisha. Mkono mmoja, mwanzo mpaka mwisho.

"Umeona?" akasema. "Sasa umepumzika, mama. Nilikuwa nakuonea huruma na hicho kidole."

Loo! Mtu anakufukuza kazi huku anakuonea huruma, utamjibu nini? Nikasema, "Nzuri." Nikaenda kuinjika ugali. Nilisonga ule ugali kwa hasira mpaka mwiko ukapasuka, naye akauliza kama unga una kasoro.

Nikarudi kwenye maandazi. Mtaani walishaipa nyundo jina: bi mdogo. "Mama, tumesikia mzee kaoa!" vijana wa bodaboda wananiambia. "Bi mdogo anashika misumari kuliko wewe!" Mwingine anauliza, "Na padri anajua?" Nilicheka nao siku ya kwanza. Siku ya pili nilimwambia mmoja wao andazi lake atalikuta kwa bi mdogo. Mume wangu kila jioni alirudi mchovu na mwenye furaha, anaipangusa nyundo yake kwa mafuta, ananieleza leo imefanya nini. Nilikuwa namfurahia, wallahi, kama wanavyosema jirani zangu. Mtu wangu amepata mikono yake. Na papo hapo nilikuwa natamani ile sumaku ife. Yote mawili yalikuwa kweli, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Wakati huo mume wangu na vibarua walikuwa wanapaua nyumba ya mzee mmoja wa Tunduru, mtu wa korosho, aliyeamua kuhamia mjini na kujenga mtaa wa pili kutoka kwetu. Mpole sana yule mzee, haishi kusema alhamdulillahi. Mawingu ya kwanza ya mvua yalishaanza kukusanyika, na alitaka bati ziwe juu kabla hayajapasuka. Siku ya papi nikawapelekea chakula cha mchana, sufuria la maharage kichwani. Nikamwamkia mzee shikamoo, nikatua sufuria, nikatazama juu.

Mume wangu alikuwa amepanda kenchi kama mtu aliyepanda farasi, mkono wa kushoto umekumbatia mbao, wa kulia na bi mdogo. Ta, anazamisha. Anasogea. Ta, anazamisha. Vizuri kabisa. Pale mbele yake, mahali pangu, hapakuwa na mtu. Kibarua mmoja akanikonyeza. "Mama, zamu yako imechukuliwa!" Wenzake wakacheka.

Sijui ni nini kilinipanda. Najua nini, hasira. Kiroba cha vifaa cha mume wangu kilikuwa chini ya ngazi. Nikatia mkono, nikatoa nyundo ya zamani, ile iliyoning'oa kucha. Nikachota misumari kwenye ndoo, nikakaza kitenge juu ya gauni, suruali sina siku hiyo, nikapanda.

"Wee mama, unakwenda wapi?" vibarua wakaita.

Mume wangu alisikia ngazi inatikisika, akageuka. "Kuna nini? Watoto wazima?"

"Wazima. Nataka kupiga msumari."

Akatabasamu, masikini. Akageuza bi mdogo, akaninyooshea mpini. "Si useme tu. Chukua hii, haihitaji mtu wa kushika. Utaweza mara moja."

"Hiyo siitaki," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Mimi nimekushikia misimu miwili. Haya, moja, mbili, toa. Kucha yangu iko hapa hapa Bombambili, sijui nyumba gani. Hata siku moja hukuniuliza kama na mimi nataka kupiga. Umekwenda kutengeneza chuma cha kunirudisha kwenye maandazi, na unasema umenihurumia. Mimi nimekuomba huruma? Nataka kupiga kwa nyundo hii. Na wewe unishikie."

Nikasikia nilichosema baada ya kukisema. Nishikie kwa mkono upi? Wa kushoto haukunjiki. Kumshikia mtu msumari, angetumia wa kulia, na wa kulia ndio uliobaki. Nilikuwa namwambia mume wangu aweke mkono wake pekee chini ya nyundo ya mtu ambaye hajawahi kupiga.

Yule mzee wa Tunduru alielewa kabla ya wengine. Akaita kutoka chini, kwa upole wake. "Fundi, subhanallah, usifanye mchezo. Mkono ndio huo huo mmoja."

Mume wangu alikuwa ananiangalia, mdomo wazi kidogo. Nilidhani atakasirika, na nilikuwa tayari. Angesema neno moja tu la ukali ningeshuka, na nisingepanda tena maisha yangu yote.

"Na yeye vidole vyake nilivipiga, mzee," akasema.

Akatundika bi mdogo kwenye mkanda wake. Akasogea mbele, mkono wa kushoto umekumbatia kenchi, akanyoosha wa kulia nikampa msumari wa inchi nne. Akausimamisha juu ya papi kwa vidole viwili, dole gumba na cha shahada, kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Nikaona jinsi vilivyo vinene. Nikaona kovu dogo kwenye kiungo ambalo sijawahi kuliona. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Haya," akasema, kwa mazoea.

"Haya nasema mimi," nikamwambia.

Akasubiri.

"Haya." Nikapiga moja, ndogo. Msumari haukushika. Nikavuta pumzi, nikapiga ya pili, ukauma mbao. Yeye bado ameshika. Nikainua nyundo kwa ya tatu, mkono wake bado uko pale, hatoi, ananiangalia, na mimi nimeganda na nyundo hewani, nashindwa kuelewa kwa nini hatoi.

"Sema," akaniambia taratibu.

"Toa."

Akatoa. Nikapiga kwa nguvu zangu zote, nikapiga tena, na tena. Mara ya nne msumari ukapinda katikati ukalala kwenye papi kama mkia wa mjusi. Chini hakuna aliyecheka, au kama walicheka sikusikia.

"Umepinda," akasema. "Ung'oe."

Akamchomoa bi mdogo kwenye mkanda akanipa. Nikaingiza lile pengo lake chini ya kichwa cha msumari, nikauvuta, ukalia ukatoka. Kwa kung'oa ni chombo kizuri, siwezi kumsingizia. Nilipogeuka kumrudishia, mkono wa mume wangu ulikuwa umeshatangulia juu ya papi, na msumari mwingine umesimama kati ya vidole viwili, unanisubiri.