Sahani ya Mjomba

Ukija Birkat al Mauz mwezi wa Januari, njoo na sweta, usiwasikilize wanaokwambia kuwa Oman ni joto tupu. Baridi inateremka kutoka Jebel Akhdar alfajiri na kuingia majumbani bila hodi, na sakafu usiikanyage kwa mguu mtupu. Mimi nilikwenda wiki iliyopita kukaa na mama, ambaye bado anaishi peke yake katika nyumba ya marehemu bibi. Kaka zangu walinipa ujumbe nimfikishie. Wanataka mjomba asaliwe ghaibu, ile sala ya maiti asiyekuwepo. Wanaume wazima na ndevu zao, wamenisukumia mimi.

Huyo mjomba ni kaka yake mama, mtoto wa kwanza wa bibi. Zile siku za fujo Unguja, bibi alimtuma mkaa, njia ya pili tu kutoka nyumbani. Akatoka na kikapu, na hajarudi mpaka leo. Hakuonekana mzima, haikuonekana maiti yake. Bibi alibaki Unguja miaka akimngojea, na alipochoka kumngojea kule akaja kumngojea huku.

Basi nilikaa siku nzima na ujumbe wangu kifuani, sijui niutoe vipi. Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi mbichi. Mimi nikajitia kazi ya kupanga stoo, maana mikono ikiwa na shughuli mdomo unapata udhuru. Nikatoa pasi ya mkaa, kandili lisilo na kioo, mbuzi ya kukunia nazi ambayo meno yake yameliwa na kutu. Chini kabisa, ndani ya kawa la ukili lililoanza kufumuka, nikaikuta sahani ya bati, nyeupe, yenye ua jekundu katikati na ukingo uliobanduka rangi. Nikakaa chini pale pale juu ya gunia.

Ungeiona nyumba ile nilipokuwa mdogo. Mbele ilikuwa ya matofali na rangi mpya kama za jirani, lakini mlango wa nyuma ulifunguka kwenye hara ya zamani, mtaa wa nyumba za udongo ambazo wenyewe walikwisha kuzihama. Milango waliiacha wazi. Asubuhi za baridi maji ya falaji huwa na uvuguvugu, kwa hiyo mvuke ulikuwa ukipanda kutoka kwenye mfereji na kutambaa baina ya zile kuta, na upepo ukipita kwenye vyumba vitupu unasikia kama mtu anakohoa. Bibi hakujali. Alikuwa akikaa juu ya mbuzi yake mlangoni, uso wake umeielekea hara, anakuna nazi iliyotoka Salala. Alikuwa akisema nazi haikunwi kwa hasira. Mimi nilizoea kuamka kwa sauti ile, na mpaka leo nikisikia kitu kinakwaruza taratibu, njaa inaniuma.

Chakula kikiiva, upawa wa kwanza haukuwa wa mgeni wala wa baba. Ulikuwa wa mjomba. Bibi anapakua kwenye sahani ya ua jekundu, anafunika kawa, anaiweka kwenye kibaraza cha mlango wa nyuma. Hakuna ruhusa ya kuigusa. "Mtu katumwa," akisema, "atarudi na njaa." Ikifika alasiri sahani ni tupu, miba ya samaki imebaki, na kawa limerudishwa mahali pake. Sisi watoto hatukuuliza. Tulipita mbio mlango ule, hasa jua linapozama.

Wazee wa ukoo walikuja zaidi ya mara moja kumshauri bibi mjomba asaliwe, apumzike, na yeye apumzike. Bibi aliwanywesha kahawa, akawapa halua, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawajibu jibu lake lile lile: "Mie simsalii mtu niliyemtuma mkaa."

Sasa nikwambie siku moja. Ilikuwa likizo ya shule, baridi kali. Baba alikuwa kazini Maskati, na mama alikuwa amelala Nizwa kumuuguza dada yake baba hospitalini, akawachukua na kaka zangu. Tulibaki mimi na bibi tu. Bibi alipika ndizi za nazi na nguru mkavu, akatia limau kavu moja, nyumba nzima ikanukia. Akapakua, akafunika, akaweka kibarazani. Tukala wawili tukiwa tumejifunika shali moja. Mchana ule ulikuwa kimya, hata jogoo wa jirani hakusikika. Bibi akajinyoosha kidogo, mimi nikawa nachezea vifungo vyake kwenye kikopo.

Nikasikia kawa linawekwa chini. Wewe unajua kawa halina kishindo, ni ukili tu. Lakini nilisikia, na bibi akasikia pia, maana alifumbua macho.

Tukaenda pamoja. Kawa limefunika sahani. Bibi akalifunua. Sahani ilikuwa tupu, imepanguswa, na miba ya nguru imepangwa mmoja mmoja kuuzunguka ukingo. Hakuna mtu kibarazani. Mvuke ulikuwa umekwisha, hara imesimama kwenye jua jembamba na milango yake wazi.

"Umekula weye?" bibi akaniuliza.

"Sikula, bibi. Wallahi."

Akaniangalia, akajua nasema kweli. Hapo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa bibi yangu: aliogopa. Akanivuta ndani, akafunga mlango, akatia komeo. Mlango ule sikuwahi kuuona umetiwa komeo mchana. Akasimama mgongo umeegemea mbao, anasoma chini chini. Kisha midomo ikaacha kusoma. Akasema, taratibu sana, "Nimemfungia mlango mwanangu."

Akaufungua kwa pupa hata akaumia kidole. Akakaa kizingitini, bila shali, uso kwenye hara, akiita jina la mjomba, si kwa ukelele, kama mtu anayemwita mwanawe aliye chumba cha pili. Alikaa pale mpaka magharibi ilipoadhiniwa. Mimi nilimshika kanga kwa nyuma, kwa sababu niliogopa atanyanyuka aende huko. Alipoingia ndani alinambia, "Usimwambie mama yako." Na sikumwambia, miaka yote hiyo.

Wiki iliyopita nikatoka stoo na sahani mkononi. Mama alikuwa ameshapika. Akaiona, akaipokea, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Nilikuwa nakula mie," akasema.

Nikavuta kigoda nikakaa.

"Siku za mwanzo bibi yako aliikuta haijaguswa, akaingia kitandani, hali, hasemi. Nikaona tutamkosa na yeye. Basi kila siku akilala mchana naenda kukila, kimeshapoa. Alijua, nadhani. Hakuniuliza, na mie sikumwambia. Miaka, mwanangu. Nimeshiba chakula cha kaka yangu."

Hapo nikamwambia siku ile aliyokuwa Nizwa. Nilimwambia yote, kawa, komeo, jina. Aliendelea kuifuta ile sahani ingawa ilikuwa imekwisha kutakata.

"Miba ilikuwaje?"

"Imezunguka ukingo."

"Mie nilikuwa naisukuma upande mmoja," mama akasema. "Kuzungusha ilikuwa mchezo wake kaka yangu. Bibi yako akimgombeza kwa hilo."

Tukala. Ndizi zilikuwa nzuri, nami sikuweza kumaliza. Mwisho nikautoa ule ujumbe wa kaka zangu, maana hakukuwa na njia nyingine. Mama hakukasirika.

"Waambie wangoje. Siku mtakayonisalia mie, ndiyo siku mumsalie na yeye. Nikiwa hai simziki mtu."

"Inshallah, mama," nikasema.

Hara ya zamani sasa ina mikahawa, na watalii wanajipiga picha kwenye milango ile tuliyoikimbia. Bibi hayupo. Wazee waliokuja na ushauri wao hawapo hata mmoja. Picha ya mjomba haikuwahi kuvuka bahari, kwa hiyo sura yake, sauti yake, na mchezo wake wa miba, vyote vimebaki kwa mtu mmoja tu duniani. Niliwapigia kaka zangu simu nikawaambia mama amekataa, na hawakubisha. Mama ana sukari na presha, na asubuhi ile nilipoondoka alinisindikiza mpaka garini akiwa ameshika ukuta. Nilimtazama kwenye kioo mpaka nikakata kona, nikiwahofia watu wawili.